Asiyeweza Kulipa na Asiyetaka Kulipa

Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Wakasema tena, dawa ya deni ni kulipa. Methali hizi mbili kila mmoja wetu amezisikia tangu utotoni, nami sina ugomvi nazo. Lakini wahenga hawakutuambia la kufanya pale ambapo dawa yenyewe haipo. Mtu anadaiwa, anajua kwamba anadaiwa, wala hakani, ila hana. Tumfanyeje? Hilo ndilo ninalotaka tulizungumze juma hili.

Limenijia kwa barua ya msikilizaji mmoja, mama anayeuza nafaka katika soko la Kongowea hapa Mombasa. Kwa muda mrefu alikuwa akimpa mwenye mkahawa mmoja mchele na maharagwe kwa mkopo, akiandika daftarini na kulipwa kila mwisho wa mwezi. Miezi ya mwisho hakulipwa. Sasa amepata habari kwamba mteja wake huyo amekwenda mahakamani kuomba atangazwe kuwa muflisi. Mama ananiuliza: "Mzee, hebu nieleze. Mimi nikichukua gunia la mtu nisilipe naitwa mwizi. Huyu kachukua magunia yangu kumi na manne, na sheria inamfunika shuka. Hiyo ni haki gani?"

Swali hili ni zito, na anayeuliza ana uchungu. Kwa hiyo sitalijibu kwa haraka. Nitaeleza kwanza sheria yenyewe imetoka wapi na inasema nini, kisha nitasema langu.

Tuanze na neno. Muflisi ni neno tulilolipata kwa Waarabu, na asili yake ni fulusi, yaani vile visarafu vidogo vya shaba. Muflisi ni yule ambaye dhahabu na fedha zimemwishia, akabakiwa na vishaba mkononi. Neno halisemi kwamba mtu huyo ni mwizi. Linasema tu kwamba hana. Hilo la wizi tumeliongeza sisi wenyewe.

Dini zetu pia zimelitazama jambo hili kwa macho mawili. Kurani, katika Sura ya Al-Baqara aya ya 280, inaamuru kwamba mdaiwa aliye katika dhiki apewe muda mpaka apate nafuu, na kwamba kumsamehe ni bora zaidi. Lakini mafundisho hayo hayo ya Kiislamu yanamhesabu tajiri anayechelewesha deni kuwa ni dhalimu. Katika Biblia, Kumbukumbu la Torati sura ya 15 iliweka mwaka wa saba kuwa mwaka wa kuachilia madeni. Utaona kwamba tangu zamani watu wenye hekima hawakuwaweka wadaiwa wote katika kapu moja. Yuko asiyeweza kulipa, na yuko asiyetaka kulipa. Ukimshika vibaya wa kwanza umedhulumu, na ukimwonea huruma wa pili umedhulumu vile vile.

Sheria ya ufilisi tunayoitumia ilikuja na Waingereza, basi tutazame walikoitoa. Daniel Defoe, yule aliyekuja kuandika hadithi ya Robinson Crusoe, alikuwa kwanza mfanyabiashara. Mwaka 1692 biashara zake zilianguka akidaiwa takriban pauni 17,000, fedha nyingi mno kwa wakati ule, akaonja gereza la wadaiwa. Baadaye aliandika akitaka sheria imtenge mfanyabiashara aliyeangushwa na bahati mbaya na yule tapeli anayeficha mali. Mwaka 1706 Waingereza wakapata sheria ya namna hiyo. Mfanyabiashara aliyefilisika, akafunua mali yake yote na kuikabidhi, aliweza kufutiwa deni lililobaki. Aliyeficha mali aliweza kunyongwa. Msamaha na kitanzi vilikuwa ndani ya sheria moja!

Msamaha huo lakini ulikuwa wa wafanyabiashara tu. Mtu wa kawaida aliendelea kufungwa. Mwaka 1824 baba yake mwandishi Charles Dickens alitiwa katika gereza la Marshalsea, London, kwa deni la pauni 40 na ushei alizodaiwa na mwoka mikate. Siku hizo hizo Charles, mtoto wa miaka kumi na miwili, alikuwa akifanya kazi katika kiwanda cha rangi ya viatu. Hebu fikiria: mtu hana fedha, kwa hiyo mnamfungia mahali ambapo hawezi kuzitafuta. Ilipofika mwaka 1869 Waingereza waliondoa sehemu kubwa ya kifungo cha madeni, lakini hata hapo walibakiza mlango mmoja. Mwenye uwezo wa kulipa aliyekataa amri ya mahakama aliweza bado kufungwa.

Sasa turudi nyumbani. Kenya ilitumia kwa miaka mingi sheria ya ufilisi iliyotungwa wakati wa ukoloni. Chini ya sheria ile, muflisi alipaswa kurudi mahakamani kuomba aondolewe jina hilo, na wengi hawakurudi. Walikaa nalo mpaka kaburini. Mwaka 2015 Bunge lilipitisha Sheria mpya ya Ufilisi, na hiyo ndiyo inayotumika.

Sheria hii inamfanya nini mdaiwa? Mahakama ikimtangaza mtu kuwa muflisi, mali yake inatoka mikononi mwake na kuwekwa chini ya msimamizi. Analazimika kuandika orodha ya kila alicho nacho na kila anayemdai. Anaachiwa vitu vya lazima vya nyumbani na zana za kazi yake, ili asigeuke mzigo kwa ndugu zake. Vinavyobaki vinauzwa, na fedha zinagawanywa kwa utaratibu. Akiwa katika hali hiyo hawezi kugombea ubunge wala kiti cha bunge la kaunti, kwani Katiba ya mwaka 2010 imemzuia. Hawezi kusafiri nje ya nchi bila ruhusa. Miaka mitatu baada ya kukabidhi ile orodha, anafunguliwa, isipokuwa kama kuna aliyepinga na mahakama ikakubali pingamizi lake.

Akifunguliwa, madeni yake ya zamani kwa kawaida yanakufa. Nasema kwa kawaida, kwa sababu mengine hayafi. Deni lililotokana na ulaghai linabaki. Matunzo ya watoto yaliyoamriwa na mahakama yanabaki. Na kama katika miaka miwili kabla ya kufilisika alitoa zawadi ya shamba au gari, mahakama inaweza kuitangua zawadi hiyo na mali ikarudi kwenye chungu cha wadai. Kwa hiyo ile hila ya kuandikisha kiwanja kwa jina la shemeji, kisha kujitokeza ukiwa na mifuko iliyopinduliwa, si mpya na sheria inaijua.

Kuna njia nyingine za kukwepa ufilisi wenyewe, nami nitataja mbili. Ya kwanza ni mapatano: mdaiwa anawapelekea wadai pendekezo la kulipa kidogo kidogo au kulipa sehemu, nao wakikubali kwa wingi wa kura za kisheria, linawabana wote. Ya pili ni ya mtu asiye na mali yoyote ya kuuzwa wala njia ya kulipa. Kama madeni yake ni kati ya shilingi 100,000 na shilingi milioni nne, na hajawahi kuwa muflisi, anaweza kuingizwa katika utaratibu wa wasio na mali. Wadai wanazuiwa kumfuata, na baada ya miezi kumi na miwili madeni yanafutwa. Akigunduliwa kwamba alificha kitu, anatolewa katika ulinzi huo.

Kwa upande wa pili, mdai naye bado anayo fimbo. Sheria ya mwenendo wa kesi za madai inamruhusu kuomba mdaiwa wake afungwe, kifungo kisichozidi miezi sita. Wengi hawajui mambo mawili kuhusu kifungo hiki. La kwanza, anayegharimia posho ya mfungwa ni yule yule anayemdai. Umenyimwa fedha zako, kisha unatoa nyingine kumlisha aliyekunyima. La pili, mfungwa akitoka deni liko pale pale.

Mwaka 2010, Jaji Martha Koome, ambaye tangu 2021 ni Jaji Mkuu, aliamua katika Mahakama Kuu kwamba kumfunga mtu kwa sababu ameshindwa kutimiza mkataba kunapingana na kifungu cha 11 cha Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, ambao Kenya iliukubali mwaka 1972. Miaka miwili baadaye marehemu Jaji David Majanja alisema kwamba kifungo chenyewe hakivunji Katiba, mradi mahakama ihakikishe kwanza kwamba mdaiwa anao uwezo na anakataa kwa makusudi. Majaji hawa hawakusema neno moja, lakini ukizisoma hukumu zao utakuta zinazunguka swali lile lile la kale: huyu hawezi, au hataki?

Na hapo ndipo penye ugumu, maana usoni watu hawa wawili wanafanana. Wote wanakwambia, "Sina." Nililijifunza hili kwa gharama yangu mwenyewe.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilimdhamini mwenzangu kazini kwenye chama chetu cha akiba na mikopo. Tulikuwa wadhamini watatu. Alikopa akanunua matatu kuukuu ya kwenda Likoni. Miezi michache injini ikafa, akakopa kwingine kuitengeneza, ikafa tena. Halafu naye akapunguzwa kazini. Mwezi uliofuata nilifungua hati yangu ya mshahara nikakuta nimekatwa shilingi 4,000, na mwezi wa pili vivyo hivyo. Nilikuwa na watoto wawili shuleni.

Nilikwenda kwake nikiwa nimeyapanga matusi. Nilikuta madalali wamenitangulia na sebule ni tupu. Akanikaribisha kwenye mkeka. Nikamwambia, "Bwana, mimi nalipa deni ambalo sikulila." Akanijibu, "Kaka, ningekuwa nazo ningekupa." Nikamwambia maneno hayo nimeyazoea, nataka kuona. Akanyanyuka, akaleta boksi la karatasi zake zote: za chama, za fundi, za muuza vipuri, za duka la jirani, hata karatasi ya mkufu wa mkewe uliowekwa rehani. Tukakaa tukahesabu mpaka magharibi. Alikuwa akidaiwa na watu tisa. Mimi sikuwa hata wa nne kwa ukubwa.

Nilirudi nyumbani na hasara ile ile niliyokwenda nayo. Mshahara wangu uliendelea kukatwa kwa karibu miaka miwili. Lakini sikurudi nikiwa mtu aliyetapeliwa, na hilo ni jambo kubwa. Katika mtaa huo huo palikuwa na mwingine, mkandarasi, aliyekuwa akiwaambia mafundi wake hana senti huku ghorofa ikipanda kwenye kiwanja kilichoandikishwa kwa jina la mama yake. Yeye hakumwonyesha mtu karatasi hata moja.

Msikilizaji, mimi naamini hapo ndipo uhalali wote wa sheria ya ufilisi ulipo. Mdaiwa ananunua ule msamaha, na bei yake ni ukweli wote: fungua boksi, toa ulicho nacho, kaa mbele ya unaowadai na ujibu maswali yao. Aliyelipa bei hiyo amebeba wajibu wake kadiri mwanadamu awezavyo, na kumfuata maisha yake yote hakumletei mdai shilingi hata moja. Kunamfanya tu ajifiche na aache kufanya kazi ya halali inayoonekana. Asiyelipa bei hiyo hastahili ulinzi, na mahakama zetu zimewahi kuyatupa maombi ya watu walioonekana kuukimbilia ufilisi ili wakwepe hukumu.

Lakini nisipakae asali kila mahali. Sheria hii ina madonda yake, na matatu nitayataja.

Donda la kwanza ni mdhamini. Mkopaji akifutiwa deni, mdhamini wake hafutiwi. Mkopaji anapumua na mzigo unahamia bega lake. Kwa nchi kama yetu, ambapo walimu, makarani na askari wanadhaminiana kila siku kwenye vyama vya akiba, maana yake ni kwamba msamaha wa mtu mmoja unaweza kulipwa na wenzake watatu. Najua chama nacho ni akiba ya wanyonge na lazima kirudishiwe. Ila basi watu waelezwe wazi kabla ya kutia sahihi. Sisi tunatia sahihi kwa haya, kwa sababu mwenzetu ametuomba wakati wa chakula cha mchana.

Donda la pili ni foleni ya wadai. Mnakumbuka duka kubwa la Nakumatt. Mwezi Januari 2018 mahakama iliiweka kampuni hiyo chini ya msimamizi, na kwa wakati huo wadai walizuiwa kuifuata. Januari 2020 wadai wenyewe walipiga kura ifungwe, ikiwa imeacha madeni ya mabilioni ya shilingi. Katika mambo kama hayo, benki yenye rehani inasimama mbele kwa rehani yake. Gharama za ufilisi, mishahara kwa kiwango kilichowekwa na kodi za serikali vina nafasi zao za mbele. Aliyepeleka mboga au maziwa bila rehani anasimama nyuma, na mara nyingi sufuria inakuwa imekauka kabla hajafikiwa. Na tazama tunavyosema: kampuni ikianguka tunasema biashara imekuwa mbaya, lakini mwenye kibanda akianguka tunasema ni tapeli. Mwenye hisa wa kampuni anapoteza hisa zake na nyumba yake inabaki. Mwenye kibanda hana ukuta wa kampuni wa kujificha nyuma yake.

Donda la tatu ni la wadogo kabisa. Tangu M-Shwari ilipoanza mwaka 2012, na mikopo mingine ya simu ikafuata, maelfu kwa maelfu ya watu wetu wanadaiwa vijideni vya elfu mbili hapa na elfu tano pale. Ule utaratibu wa wasio na mali unaanzia shilingi 100,000. Anayedaiwa 40,000 na hana kitu hana mlango huo wa kuingilia, ingawa kwake yeye 40,000 ni mlima. Ulinzi umewekwa juu kuliko mkono wake unavyofika. Wabunge wetu wangelitazama hilo.

Sasa nimjibu mama wa Kongowea.

Mama, sheria haijamfunika shuka mteja wako. Imemwita uwanjani. Usikae nyumbani ukilia. Chukua daftari lako, uandikishe deni lako kwa msimamizi wa mali, maana asiyeandikishwa hahesabiwi katika mgawo. Ukiitwa katika mkutano wa wadai, nenda. Uliza mchele wako aliupika akauza, na mauzo yakaenda wapi. Uliza majokofu na viti viko wapi, na pikipiki ya kuletea bidhaa iko kwa jina la nani. Ukiona anaficha, una haki ya kupinga asifunguliwe. Kama alichukua magunia kwa udanganyifu na ukathibitisha, deni lako halitakufa na ufilisi wake. Na kama boksi lake liko wazi na kweli hamna kitu, utapata sehemu ndogo kama wenzako, au usipate. Hiyo ni hasara, wala sitakwambia si hasara. Lakini hata ungemtia jela miezi sita, ungetoa posho yake na usingepata gunia moja.

Na kwa siku za mbele, usimruhusu mteja mmoja abebe mkopo ambao akianguka utaanguka naye.

Kwa anayedaiwa nasema hivi: usizime simu. Nenda kwa unaowadai kabla hawajaja kwako, ukiwa na karatasi zako. Mtu anayejificha wiki ya kwanza, hata akisema kweli wiki ya kumi haaminiki tena.

Mnaweza kuuliza yule mwenzangu aliishia wapi. Alipata kazi ya udereva baada ya miaka mitatu. Hakuna aliyekuwa akimdai kisheria kwa upande wangu, kwani sikumshtaki. Siku moja alinijia ofisini na shilingi 500 kwenye bahasha, akaniambia, "Kaka, tuandike." Tukaandika. Aliendelea hivyo, miezi mingine akikosa. Hajamaliza mpaka leo, na karatasi ninayo. Mahakama inaweza kulifuta deni katika vitabu vyake. Lililobaki baada ya hapo ni baina ya mtu na nafsi yake, na hapo mimi na wewe hatuna dalali wa kumtuma.

Hadi juma lijalo, nawatakia kila la heri.